Wangwa Alikolazwa Mama

Nyinyi vijana wangu wa Mkomani, na wenzenu walio Malindi na Mombasa, kila mmoja amenitumia ujumbe na swali lake: "Bibi, tumesikia ulikwenda Kizingitini, ilikuwaje?" Nimesimulia mpaka ulimi umekuwa mzito, na kila nikisimulia nasahau kipande. Sasa naandika mara moja, kisha msiniulize tena. Skuli sikukaa sana, nilikaa chuoni nikisoma Kurani, basi mkiona herufi zimelala upande zisomeni zilivyolala. Anayetaka habari za nauli na vitambulisho aulize kwingine. Mimi nawaambia ya njiani.

Kilichonitoa nyumbani

Mwanaesha ni mdogo wangu, tumbo moja na titi moja. Mnamjua, ndiye aliyekuwa akiwaletea ngisi wakavu kila Idi. Moyo wake umechoka. Daktari amemwambia asipande ngazi wala asikasirike, naye akajibu kuwa ngazi anaweza kuziacha.

Akanipigia simu asubuhi, mimi nachagua mchele.

"Dada, wakumbuka Bakari alisema mama amelazwa wapi?"

"Wangwani."

"Wangwani pepi, upande upi?"

"Wangwani tu."

"Nami niyuwalo ni hilo. Basi ndoo huku tumtafute. Nataka nikifa nilazwe kando yake, na wanangu hawayui wanipeleke wapi."

Hapo lazima niwaeleze, maana nyinyi mambo mengi mnayaona kwenye simu na hili halimo. Sisi wanawake wa visiwa hivi hatufuati jeneza. Tunaosha, tunakafini, tunafukiza udi, tunalia, tunamsindikiza maiti mpaka kizingiti cha mlango. Kuanzia pale ni shughuli ya wanaume. Ukimuuliza mwanamke mama yake amezikwa wapi, anakwambia alivyoambiwa.

Mama alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa hapa Amu, mjini Lamu. Nilifika kwetu kumekwisha zikwa, watu wanakunywa kahawa. Mwanaesha alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Kaka yetu Bakari alitazama chini akasema, "Tumemlaza wangwani," akaingia chumbani akafunga mlango. Alikuwa na huzuni, hatukumfuata. Tulisema tutamuuliza kesho. Kesho yake alikuwa na wageni, mwezi wa pili wake akaenda Mombasa kutafuta kazi, na huko ndiko kaburi lake lilipo. Waliobeba jeneza wakafa mmoja mmoja. Kitongoji chetu, kule kisiwani Pate, baina ya Siyu na Kizingitini, kikahamwa. Kisima kilikuwa kimeingia chumvi. Likabaki neno.

Neno lenyewe nalijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao: ataufungua gizani, lakini mwambie akueleze ukoje, atababaika. Wangwa kwetu ulikuwa pale nyuma ya nyumba, uwanda mpana mweupe, hauna hata jani. Siku za kaskazi, jua kali, mama alikwenda pale na kifuu cha nazi akakwangua chumvi, nasi nyuma yake tunateleza kwa nyayo tupu. Alikuwa akisema chumvi ile haina mwenyewe. Nikifumba macho nauona ule weupe unavyochoma. Lakini wana wa Mwanaesha walikuwa wamekwenda kuutafuta mara mbili, na mara zote mbili wamerudi wakisema, "Hapana kitu cheupe huko."

Mjukuu wangu Salma, anayesomesha skuli, aliniona nafunga furushi la nguo.

"Bibi, wangwa ni jangwa tu. Ni mahali pakavu."

"Pate ina jangwa?"

"Haina."

"Basi tuko palepale. Nipe buibui langu."

Mkanda

Boti ya kwenda Kizingitini moja kwa moja nilikuta imeshaondoka. Nikapanda ya Mtangawanda, gati la Pate la upande wa huku. Nahodha, kijana mwenye miwani ya jua, alisema maji yanatosha kupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara. Nikamtazama. Mwezi ulikuwa umeandama juzi, na siku za bamvua maji yakijaa hujaa kweli, yakitoka hutoka mpaka pweza anaona haya. Nikatafuta pa kukaa tu. Mzee akisema sana mwanzo wa safari huambiwa ana mkosi.

Katikati ya Mkanda boti ikalala juu ya tope kama ng'ombe aliyekataa kwenda.

"Dakika chache tu," akasema nahodha.

"Za mwaka gani?" akauliza mwanamke aliyekaa mbele yangu. Alikuwa mtu wa Faza, mnene, mwenye sinia ya mikate ya ufuta iliyofunikwa kwa kanga. Jina lake Bi Maryamu. Alipoona jua limepanda na boti haitikisiki, akaifunua sinia. "Nilikuwa naipeleka harusini," akasema, "lakini bibi harusi ananenepa. Kuleni."

Tukala. Mkate laini, na chupa ya chai ya tangawizi ikazunguka, nami nikawaambia nakwenda Kizingitini kwa mdogo wangu mgonjwa. Kando yangu alikaa bwana mmoja mkavu, viganja vyeusi kwa maganda ya mikoko. Alikuwa mkata boriti, anaitwa Bwana Kombo. Nikaona huyu ndiye. Nikamuuliza, wangwa ni nini.

Akanyoosha kidole kwenye mikoko iliyotuzunguka. "Hapa mbele, panapoingia mai kila siku, ndipo penye mikoko mirefu. Ukiingia ndani, miti inakuwa mifupi. Ukiingia zaidi unatokea kweupe. Mai hayafiki pale kila siku, yafika kwenye bamvua, tena bamvua kubwa. Yakifika yanaacha chumvi na kuondoka. Mti hauoti kwa sababu ya chumvi, na shamba hulimi kwa sababu ya mai. Ile si nti, wala si bahari. Ndiyo wangwa."

"Basi ndipo alipozikwa mama yangu."

Akaacha kutafuna. "Wangwa upi, Bibi? Maana wangwa si mmoja. Kila kijiji kina wake."

Nikamwambia wa kwetu. Akasema huko hajakata boriti tangu ujana wake, hayui umekuwaje. Kisha akashusha sauti. "Na mtu hazikwi wangwani. Pale ni pa kupita. Aliyezikwa pale alizikwa kwa sababu."

Lile neno lilinikaa. Bi Maryamu alikuwa amesikia nusu. Akanishika goti, "Pole mama, Mungu ampe kauli thabiti. Ni nani, dada yako wa Kizingitini?" Nikamjibu, "Naam, ndiye anayetaka kuzikwa pale." Akatoa simu yake. Mimi nikageuka kutazama maji kama yameanza kurudi, nisijue anampigia nani.

Mtangawanda mpaka Siyu

Tulifika Mtangawanda wenzetu wamekwisha swali adhuhuri. Zamani pale ulimkuta punda, ukapandisha mzigo, ukaenda kwa miguu nyuma yake unazungumza na mwenye punda mpaka unajua habari za nyumba zake zote. Sasa kuna pikipiki. Kijana akaniambia, "Panda, Bi Mkubwa, nitaendesha kama nimebeba mayai." Nikapanda upande mmoja, buibui nimelifunga magotini. Kama alibeba mayai, basi yalikuwa ya kukaanga.

Mahali fulani njia ikatoka kwenye vichaka ikaingia kwenye uwanda, mweupe, mgumu, tambarare kama dari. Pikipiki ikaacha kuruka. Pembeni pamesimamishwa magoli mawili ya boriti, ya mpira.

"Hapa ni wapi?"

"Uwanjani, Bibi. Twacheza hapa. Isipokuwa mai yakija, mechi inaahirishwa."

"Mai yanakuja mara ngapi?"

"Kwa mwezi mara mbili hivi. Refa wetu ni bahari."

Nikamwambia asimame. Nikashuka, nikavua kiatu kimoja, nikaweka unyayo. Ulikuwa na joto na ukoko mwembamba wa chumvi uliovunjika chini ya vidole kama ganda la mkate. Nilikuwa sijakanyaga kitu kile tangu nilipokuwa msichana. Kijana alidhani nimeugua, akaleta maji ya chupa. Nikamwambia, "Hapa hapaitwi uwanjani. Panaitwa wangwani." Akarudia lile neno mara mbili, akacheka, akasema atawaambia wenzake timu iitwe hivyo. Sikujua nifurahi au nimkaripie. Nikavaa kiatu.

Tulipokaribia Siyu mnyororo ukakatika. Nikaingia mjini kwa miguu, naye anasukuma.

Kivulini mwa Maalim

Wakati mnyororo unafungwa nilikwenda kwa Maalim Shali, mzee aliyesomesha chuo Siyu tangu baba yangu yu hai. Macho yake yameingia ukungu lakini alinijua kwa sauti. Mkewe, Bi Amina, akaniletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na achari ya ndimu, na alipoona nakula kidogo akanitisha kwamba atamwambia mume wangu. Nikamwambia mume wangu amekufa. "Basi nitamwambia nikifika," akasema.

Nikampa Maalim neno langu, habari ya wana wa Mwanaesha, na swali la Bwana Kombo. Tasbihi ikatembea vidoleni mwake.

"Watoto wa skuli wanakwambia wangwa ni jangwa," akasema. "Usiwalaumu. Ni jamaa moja. Lakini wazee wetu hawakuona jangwa, waliona wangwa. Aliyesafiri mbali akaona nti kavu isiyo mwisho, akasema, ah, huu ni wangwa uliokua. Wangwa ndiye mama, jangwa ndiye mwana aliyekwenda ughaibuni akarudi na kilemba kikubwa."

Bi Amina akadakia. "Mimi bibi yangu alikuwa akisema umetoka kwenye anga. Mahali pa anga tupu. Ukisimama pale hapana kinachokufunika, wewe na Mola wako."

"Hilo nalo ni zuri," akasema Maalim, "hata kama si kweli." Kisha akanigeukia. "Mama yako alifariki mwezi gani?"

Tarehe ya kizungu siijui, lakini hitima tunaisoma kila mwaka: mwezi wa Rajabu ukiandama. Siku ile wanaume walikuwa wanautafuta mwezi angani.

"Mwezi ukiandama ni bamvua," akasema. "Na maziara ya kwenu, makaburi ya wazee, yalikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya wangwa. Kwenye gofu la msikiti."

"Walizika baada ya alasiri?"

"Nimeambiwa hivyo."

Akaitikia kwa kichwa. Alisema hivi tu: "Na wangwa unahama, binti yangu. Bahari ikisogea, mikoko inaufuata. Wana wa nduguyo wanatafuta peupe. Wewe tafuta pale penye mikoko midogo. Nenda kesho baada ya adhuhuri, usiende asubuhi. Ukaone."

Kizingitini

Niliona watu mlangoni kwa Mwanaesha kabla ya kuona mlango. Wanawake wamevaa kanga za kilioni. Sufuria kubwa tatu za wali. Mtu ametandika mkeka. Nikakaa juu ya jiwe mlangoni kwa jirani. Niliona nimechelewa. Nilikula wali Siyu ndugu yangu anakata roho.

Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani, imekwaruza kama siku zote.

"Nani kapika wali bila chumvi? Hata kilio changu mwakipunja?"

Nikaingia. Amekaa kitandani, shuka mabegani, wanawake wamemzunguka hawajui walie au wacheke.

"Dada," akasema, "nimeambiwa nimekufa. Nimepigiwa simu kutoka Faza kupewa pole ya kifo changu mwenyewe."

Ni Bi Maryamu wa mikate ya ufuta. Alikuwa amempigia shemeji yake wa Faza, shemeji akampigia jirani wa hapa, na abiria wa boti yetu waliotupita kwa pikipiki nyingine tulipokatikiwa mnyororo wakaikaza habari. Athmani, mwana mkubwa wa Mwanaesha, ambaye hununua kamba na samaki kwa wavuvi pale pwani, alikuwa ameacha mizani akakimbia na aproni yake ya plastiki, akamkuta mama yake anakunywa uji. Alikuwa bado amekaa pembeni, uso umemvimba kwa kulia, haya zimemshika. Mtu mzima yule, na ndevu zake.

"Wali usitupwe," nikasema. "Wagaieni watu, muombe dua ya umri."

Walipoondoka, Mwanaesha akanishika mkono. Ulikuwa mwepesi. Akaniambia, sasa bila mzaha, "Nilipokuwa nawasikia wanalia nje nilifikiri jambo moja. Nilifikiri, sasa watanipeleka wapi? Na nikaona Athmani hayui. Dada, nisaidie nisiende nisikokujua."

Athmani akasema, taratibu, kwamba wamekwisha safisha mahali, kule juu kwenye mchanga mkavu, wamezungushia miiba, wakidhani ndipo. Mama yake akamjibu, "Mwanangu, umesafisha mahali pa watu wengine."

Wangwani

Kesho yake tulikwenda: Mwanaesha juu ya punda, Athmani ameshika kamba, mimi na bakora yangu. Nilimwambia Athmani asitafute kitu cheupe. Atafute kisima chetu. Tulikipata kwa mkwaju, maana mkwaju ni uleule. Kisima kimejaa majani, mdomo wake wa mawe umebaki, na mifereji ya kamba iliyokwangua mawe yale ni ya mikono yetu na ya mama zetu. Nyumba ni misingi tu. Nilisimama palipokuwa jiko la mama, nikageuka kama alivyokuwa akigeuka kwenda kukwangua chumvi.

Mbele hapakuwa peupe. Palikuwa na mikoko midogo, mingi, kimo cha kiuno, kijani, imepangana kama watoto wa chuo. Wangwa ulikuwa umeondoka, mikoko imekalia mahali pake.

Katikati ya ile mikoko palikuwa na kiinuko, mti mmoja wa mkoma na mawe machache. Ng'ambo, mbali, mabaki ya kuta za msikiti wa zamani.

"Pale kwenye mkoma?" akauliza Athmani. "Hapo tumepita. Tulisema ni kichuguu."

Tulivuka, punda anazama kwato. Juu ya kiinuko palikuwa na kaburi moja, limezungushiwa mawe ya matumbawe, halina jina. Tukakaa. Mwanaesha akaweka kiganja chake juu ya mchanga. Athmani akasema, "Lakini tutajuaje? Huenda ni mtu mwingine." Naye alikuwa na haki ya kuuliza. 

Ndipo maji yakaanza. Hayakuja na wimbi. Yalipenya chini ya mikoko, kimya, yanang'aa, kwanza kama jasho, kisha kama sinia, kisha njia tuliyoijia haipo. Upande wa kwetu maji, upande wa msikiti maji. Tulikuwa juu ya kile kiinuko, sisi, punda, na kaburi, na jua linaelekea alasiri.

Mwanaesha alikuwa anatazama yale maji, midomo imefunguka.

"Walirudi wamerowa," akasema.

"Nani?"

"Kina Bakari. Siku ya maziko. Nilikuwa mlangoni na jirani. Walirudi kanzu zimerowa mpaka kiunoni, na miaka yote hii nimesema siku ile ilinyesha. Nimewahadithia wanangu, mama alizikwa siku ya mvua. Haikunyesha, dada. Siku ile walikuwa wakitafuta mwezi. Mwezi hutafutwa kwenye mvua?"

Hapo nikaona yote kama niliyekuwepo, nikawasimulia. Wametoka na jeneza baada ya alasiri kwenda maziara ya ng'ambo. Katikati ya wangwa bahari ikawakata. Mbele hawawezi, nyuma hawawezi, maiti hangojeshwi. Wakamzika walipofika. Kisha wakarudi ndani ya maji, na kaka yangu Bakari, aliyetaka kumlaza mama kando ya baba na hakuweza, akasema neno moja akafunga mlango.

Athmani alikuwa amegeuka anatazama upande wa msikiti. Akasema, "Haki yake. Hata mimi ningefunga."

Tukasoma Yasini. Mwanaesha akaongea na mama kwa sauti ndogo, mambo ambayo si yenu. Maji yalichukua muda wake, nasi tukangoja. Tulikula tende na mkate mkavu, punda akala majani ya mkoma. Njia ilipoonekana tena nikamuuliza Mwanaesha, "Sasa wanao wajue. Upande gani tukuwekee?"

Akatikisa kichwa.

"Sitaki hapa."

"Umenitoa Amu!"

"Nimekutoa unioneshe, umenionesha. Mama hakupachagua hapa, mai yalimchagulia. Wanangu watanijiaje, kwa kuogelea? Mimi nizikeni Kizingitini, njia ya kwendea pwani, Athmani akitoka kwenye mizani yake apite, anuke samaki, anisalimu."

 Athmani alimwinua mama yake kama mtoto akamweka juu ya punda, akamfunika shuka, akaenda nyuma yake mpaka nyumbani akimzuia mgongo kwa kiganja.

Kurudi Amu

Safari hii nilipata boti ya moja kwa moja. Mkanda tulipita bila kugusa tope, na watu wote walilala njiani isipokuwa mimi na nahodha. Mwanaesha yu hai mpaka naandika, anakasirika kila siku.

Nilipofika niliwaita wote wa nyumba hii barazani, wanaume na wanawake, na Salma akazima simu. Niliwaambia haya, na sasa nawaandikia nyinyi mlio mbali ili pasiwe na wa kusema hakusikia.

Siku nitakayokufa, wanaume watanibeba kama ada, sibadilishi. Lakini kesho yake, kabla ya wali wa wageni, wanangu wa kike na wajukuu wa kike wote watavaa mabuibui na kupelekwa na walionizika mpaka kwenye kaburi langu, wasimame, waliangalie, waguse mchanga. Wasielezwe, waoneshwe. Na tuanze na waliokwisha tangulia: Ijumaa hii, baada ya alasiri, wanangu kina Ali watawapeleka wanawake wa nyumba hii kwenye kaburi la babu yenu, maana nimegundua hata mimi mkewe, niliyelala naye ubavu kwa ubavu umri mzima, silijui.